Mitindo: Tuisome, Tusiifuate Kibubusa

KILA mwaka, mwezi wa Februari na tena mwezi wa Septemba, wafanyabiashara wakubwa wa nguo na vito hufunga safari ya miji minne kwa utaratibu usiobadilika: New York, London, Milan, na mwisho Paris. Huko huketi kandokando ya majukwaa marefu, wakiyatazama mavazi ambayo hayatafika madukani ila baada ya miezi sita hivi. Yanayoonyeshwa Septemba ni ya majira ya joto ya mwaka unaofuata. Yanayoonyeshwa Februari ni ya majira ya baridi yatakayokuja.

Wengi wetu huyahesabu mambo hayo kuwa ni anasa ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Kwa upande mmoja ni kweli. Lakini si kweli kwamba hayatuhusu. Nchi inayolima pamba Simiyu na Shinyanga, inayochimba Tanzanite Mirerani, na yenye mafundi cherehani katika kila mtaa wa kila mji, haiwezi kusema kuwa soko la nguo na vito ni jambo la watu wengine. Mteja wa leo humwendea fundi na picha mkononi, na picha ile aghalabu ilianzia katika jukwaa la mbali. Swali ni kama sisi tutaendelea kuzipokea habari hizo zikiwa zimechakaa, au tutajifunza kuzisoma zingali mbichi.

Kuzisoma ni kazi yenye kanuni zake. Kanuni ya kwanza ni kwamba mtindo hautambuliwi kwa nguo moja. Gauni la ajabu linalopigwa picha na magazeti yote huenda likawa ni tangazo tu, kwa maana majumba mengi ya mavazi hupata faida kubwa zaidi katika manukato na mikoba kuliko katika magauni yenyewe. Mtazamaji hodari huiacha ajabu hiyo ipite, akatafuta jambo dogo linalojirudia: rangi ile ile kwa wabunifu watano wasioshauriana, bega lililopanuka Milan na Paris kwa pamoja, pindo lililoshuka chini ya goti katika miji yote minne. Kanuni ya pili ni kungoja msimu wa pili. Jambo likirudi baada ya miezi sita limeota mizizi. Lisiporudi lilikuwa povu. Kanuni ya tatu ni kutazama kile ambacho wenye maduka wanaagiza, kwa kuwa makofi hayajazi ghala.

Katika vito kanuni ni hizo hizo, ila huongezwa moja: bei ya madini. Mwaka 2025 bei ya dhahabu ilipanda hadi kupita dola 4,000 kwa wakia. Bei ikipanda namna hiyo, sonara hupunguza uzito wa mkufu, hugeukia fedha, au huliachia jiwe lenye rangi kazi ya kupendeza. Kwa hiyo anayetaka kujua vipuli na bangili za mwaka ujao azitazame shingo za wanamitindo kwa jicho moja, na orodha ya bei za madini kwa jicho la pili.

Tena ifahamike kwamba jukwaa si chanzo. Kabla ya nguo kuonyeshwa, kitambaa chake kilikwisha kuchaguliwa katika maonyesho ya vitambaa. Na kabla ya kitambaa, rangi za nyuzi zilikwisha kujadiliwa, pengine miaka miwili nyuma. Mkulima wa pamba yumo katika mwanzo wa mnyororo huo, lakini habari humfikia mwisho. Sehemu kubwa ya pamba yetu imekuwa ikisafirishwa nje ikiwa haijafumwa, na baadhi ya nyuzi zinazoondoka hurudi zikiwa zimevaliwa na mtu mwingine na kufungwa katika robota la mitumba. Huo ndio mtindo tunaoupata: uliokwisha.

Wapo watakaosema kuwa elimu hii ni ngeni kwa watu wetu. Historia ya pwani inawakanusha. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, kanga ya Unguja na Mombasa ilikuwa na misimu yake, na jukwaa lake lilikuwa arusi, ngoma na Sikukuu. Wafanyabiashara walitazama nini kinapendwa na wanawake, wakapeleka michoro na maneno Uholanzi na Uingereza, na nguo zikarudi melini zimepigwa chapa. Aliyeisoma vibaya ladha ya mabibi wale alibaki na marobota yasiyonunuliwa. Viwanda vya Ulaya, pamoja na nguvu zote za ukoloni, vililazimika kungojea hukumu ya mwanamke wa Ng'ambo. Basi kusoma mitindo si ujuzi wa kuazima. Ni ujuzi tulioulaza.

Miaka ya 1967 na 1968 inatufundisha mengi katika jambo hili. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, mbunifu Yves Saint Laurent alionyesha Paris mkusanyo alioupa jina la Afrika, wenye magauni ya shanga za mbao na nyuzi za rafia. Mwaka huo huo jiwe la buluu liligunduliwa Mirerani. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jiwe hilo jina la nchi yetu na kuliingiza katika soko la dunia. Mwaka 1968 pia ndipo kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Na mwezi Oktoba mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, uliopiga vita nguo fupi, suruali za kubana na mawigi.

Tukiyaweka mambo hayo pamoja tunaona picha kamili. Afrika ilikuwa tayari imepanda jukwaani, kwa shanga zake na kwa jiwe lake, ilhali mjadala wetu mkali ulikuwa juu ya urefu wa sketi. Heshima ya mavazi ni jambo la maana, nasi hatuidharau. Lakini swali la nani ameifuma nguo, nani ameikata, na faida imekwenda kwa nani, lilistahili nafasi kubwa zaidi. Kiwanda cha Urafiki kilikuwa jibu la swali hilo. Kufifia kwa viwanda vyetu vingi vya nguo katika miaka iliyofuata kuliliacha swali bila jibu.

Tanzanite nayo ni somo. Mwaka 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani kiliiongeza katika orodha ya mawe ya kuzaliwa ya mwezi wa Desemba. Uamuzi huo ulifanywa na watu walioketi mezani, nao uliliwekea jiwe letu mahali pa kudumu katika zawadi za Wamarekani. Lakini kwa miaka mingi kazi ya kulikata na kuling'arisha imekuwa ikifanywa kwa wingi katika mji wa Jaipur, India. Ukuta wa kilomita 24 uliojengwa Mirerani mwaka 2018 ulikusudiwa kuzuia utoroshaji, na mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili makubwa kwa shilingi bilioni 7.74. Hatua hizo ni za kujivunia. Hata hivyo ukuta hulinda jiwe ghafi tu. Ustadi wa kulikata na kujua pete ya aina gani inatakiwa mwaka huu haulindwi kwa mawe na saruji.

Wenzetu hawalali. Katika mkusanyo wa wanaume wa majira ya joto ya 2012, jumba la Louis Vuitton lilionyesha vitambaa vya mirabaraba vilivyotokana na shuka ya Kimaasai. Miaka michache kabla ya hapo, kampuni moja ya Uingereza ilijaribu kusajili neno kikoi kuwa alama yake ya biashara, hadi wafanyabiashara wa Kenya na marafiki zao wakapinga. Asiyejua thamani ya kilicho begani mwake atakuja kuuziwa.

Lakini hadhari ni wajibu. Mbio za mitindo zina gharama, na gharama hiyo hulipwa na mtu. Tarehe 24 Aprili, 2013 jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua zaidi ya wafanyakazi 1,100, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za bei nafuu kwa maduka ya nchi tajiri. Hatutaki kuingia katika soko la dunia kwa mlango huo. Wala tusisahau kwamba nchi za Afrika Mashariki zilipoazimia mwaka 2016 kupunguza mitumba hatua kwa hatua, Marekani ilitishia kuzinyima nafasi ya kuuza bila ushuru. Na Rwanda, iliyoshikilia msimamo wake, ilisimamishiwa nafasi hiyo kwa upande wa nguo mwaka 2018. Mwenye kutaka kujitegemea katika mavazi ajue kwamba atapingwa.

Nini basi kifanyike? Kwanza, vyuo vya ufundi na SIDO vingeweza kuwa na watu wachache ambao kazi yao ni kuyafuata maonyesho ya Februari na Septemba, na kuwaandikia mafundi kwa Kiswahili, kwa lugha ya rangi, kipimo na kitambaa, yale yanayojirudia. Pili, mafunzo ya kukata vito, kama yale ya Kituo cha Jemolojia Arusha, yafungamane na habari hizo, ili kijana anayejifunza kukata jiwe ajue anamkatia nani. Tatu, wabunifu wasajili alama zao mapema. Nne, viwanda vya kanga na vitenge viwarudie waamuzi wao wa asili, yaani wanawake, kabla ya kupiga chapa. Maonyesho ya Swahili Fashion Week, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2008, yamethibitisha kuwa wabunifu tunao.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mtindo ni msala upitao, na mwenye akili huutazama unavyopita, akapima upana wake, akajua umesukwa kwa nini na nani atauhitaji kesho. Kisha hurudi kwenye mbacha wake, akausuka vizuri zaidi, akauuza.