Mtoto ahesabu viwavi, bomba la dawa aliache

Mahindi yakifika usawa wa magoti, simu kutoka kijijini huwa na ombi moja: tuma hela ya dawa, wadudu wameingia shambani. Aliyeko mjini anatuma. Dawa inanunuliwa, inapuliziwa, na haupiti muda mrefu simu inaita tena.

Mara chache mtu huuliza mihindi mingapi imeshambuliwa. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama hela iende duka la pembejeo au inunue madaftari.

Viwavijeshi vamizi waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka uliofuata walikuwa wameshafika Tanzania na Kenya. Jani lililotobolewa huonekana kwa mbali na hutisha, ndiyo maana familia nyingi hupulizia kwa hofu. Lakini mhindi mchanga huvumilia kuliko unavyodhaniwa, na majani kuchanika si lazima magunia yapungue.

Kuhesabu hakuhitaji kifaa chochote. Mkaguzi huingia hatua kadhaa ndani, kwa kuwa mistari ya pembeni hudanganya, kisha hutembea kwa kufuata umbo la herufi W. Husimama mahali 5, na kila mahali hutazama mihindi 10 inayofuatana, bila kuchagua. Hapo watu wazima ndio hukosea zaidi, maana jicho lao hukimbilia mhindi uliochakaa. Kinachotafutwa ni matundu mapya kwenye majani machanga ya moyo wa mhindi, pamoja na kinyesi kibichi kinachofanana na unga wa mbao. Kiwavi aliyekua ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na madoa 4 yaliyokaa mraba karibu na mkia.

Hiyo ni mihindi 50. Idadi ya iliyoshambuliwa ikizidishwa kwa 2, asilimia imepatikana. Mwanafunzi wa darasa la tano anaiweza kazi hii, na huenda ikamfundisha asilimia kuliko ubao.

Miongozo ya wakulima wadogo barani Afrika hushauri kufikiria dawa mahindi machanga yanapofika karibu asilimia 20, yaani mihindi 10 kati ya 50. Mahindi makubwa ambayo hayajatoa mbelewele huvumilia hadi karibu asilimia 40, yaani mihindi 20. Mbelewele zikishatoka, kupulizia kwa kawaida ni kupoteza hela: kiwavi aliyeingia ndani ya hindi hafikiwi na dawa. Wakiwa 4 au 5 tu, wapondwe kwa mkono pamoja na mayai yaliyofunikwa manyoya kwenye majani, kisha hesabu irudiwe wiki inayofuata.

Kazi ya mtoto iishie hapo. Asichanganye dawa, asibebe bomba, wala asiingie kwenye shamba lililopuliziwa kabla siku zilizoandikwa kwenye kibandiko hazijaisha. Mwili mdogo hudhurika kwa kiasi kidogo cha sumu. Nguo za aliyepulizia zifuliwe peke yake, na dawa iliyobaki ikae kwenye chupa yake ya asili, imefungiwa kwa kufuli. Kuihamishia kwenye chupa ya soda, hata kwa usiku mmoja, ni kumtegea mtoto mwenye kiu.