Volontia Si Lugha: Skrini za Kambini Ziongee na Watu Wenyewe

Wenzangu wa Kakuma na Kalobeyei, na nyinyi wa mashirika ambao najua mnasoma hapa hata kama hamuachi komenti, leo nataka tuongee kuhusu hizi skrini za kugusa. Zinaingia kila mahali. Ukienda kutibiwa unagusa skrini upate namba ya foleni. Ukiwa na malalamiko unapewa tableti.

Mimi sina ugomvi na skrini. Ugomvi wangu ni kwamba nyingi nilizokutana nazo zinajua Kiingereza peke yake, na ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Kuna volontia, atawasaidia." Sasa huyo volontia ni mimi, na mimi nasema hapana. Volontia si lugha.

Angalieni vile inakuwa. Mama anafika na mtoto mgongoni, anaongea Kibembe na Kiswahili cha kwetu Fizi. Skrini inamuuliza kama anakubali habari zake zipelekwe kwa shirika lingine. Vitufe ni viwili, kukubali na kukataa, na vyote kwa Kiingereza. Nyuma yake foleni imefika nje, na jua la Turkana mnalijua. Volontia anaeleza kwa dakika moja. Mama anasema, "Mwanangu, wewe finya tu hapo." Kidole kinachofinya ni cha volontia, lakini kwenye kompyuta ya ofisi inaandikwa kwamba mama amekubali. Hiyo ruhusa ni ya nani?

Na hiyo ni siku nzuri. Siku volontia hayupo, anayesoma skrini ni mtoto wa miaka 12 kwa sababu ndiye anasoma shule. Mama gani atamwambia kijana wake kwamba anatoka damu, ama kwamba anapigwa nyumbani? Atanyamaza. Na akija na mzee wake, anayemsomea swali kuhusu kupigwa anaweza kuwa ndiye huyo anayepiga. Kambi ni kubwa lakini maneno hapa yanatembea haraka. Skrini ilitakiwa kumpa mtu siri yake. Ikiongea lugha asiyoijua, siri inamwendea jirani kwanza.

Ofisi moja nilipouliza nikaambiwa lugha zaidi ni gharama kubwa. Kwa tableti za maswali, mimi sikubali. Mashirika mengi yanatumia KoboToolbox ama ODK, na fomu zake zinaweza kutengenezwa kwenye Excel ya kawaida. Safu moja ina swali kwa Kiingereza, unaongeza safu nyingine ya Kiswahili, nyingine ya Kisomali, nyingine ya Kiarabu. Mtu anachagua lugha, fomu ni ile ile, na majibu yote yanaingia mahali pamoja. Unaweza hata kuweka sauti iliyorekodiwa ili asiyejua kusoma asikilize swali. Hiyo kazi ya safu, kijana aliyemaliza sekondari hapa anaiweza akionyeshwa mara moja.

Kwa mashine kubwa, zile za foleni, ni kweli inaweza kuwa ngumu, lakini ugumu unategemea ilivyojengwa. Kama fundi wa programu aliweka maneno yote kwenye faili lake peke yake, kuongeza lugha ni kuongeza faili. Kama aliyachomeka katikati ya programu, ama kila kitufe alikichora kama picha yenye maneno ndani, hapo ni kubomoa ukuta. Kwa hiyo swali la lugha liulizwe kabla ya kununua. Mashine ikishafungwa ukutani mmechelewa.

Halafu msifikiri ni kutafsiri tu na kwenda. Niliona kitufe kimoja kilitakiwa kusema "Wasilisha". Nafasi ilikuwa ndogo, maneno yetu ni marefu, skrini ikakata ikabaki "Wasili". Watu wanaangalia: tuwasili wapi tena, si tumeshafika? Kiamharic nacho kina herufi zake, mashine isipokuwa nazo inaonyesha vibox vitupu. Kiarabu kinaanza kulia, kwa hiyo mpangilio wote wa skrini unageuka, pamoja na mishale ya kwenda mbele na kurudi.

Na tafadhali, msiweke bendera kama kitufe cha lugha. Kiswahili mtakiwekea bendera ya nani? Na mtu aliyekimbia nchi yake akiokoa roho, mnamwambia aguse bendera ya ile serikali ndiyo apate daktari? Andikeni jina la lugha kwa lugha yenyewe: Kiswahili, Soomaali, Ikirundi, Français. Orodha ya lugha ikiandikwa kwa Kiingereza, asiyejua Kiingereza ataipitaje?

Kuna wenzangu wanasema Kiswahili peke yake kinatosha. Mimi ni Mkongo, kingenifaa, lakini si haki. Hii kambi ilianza 1992 na vijana wa Sudan, na mpaka leo kuna bibi wa Kinuer na wa Kidinka ambao Kiswahili kwao ni kigeni kama Kiingereza. Hata wenyeji wetu Waturkana, tunaopanga foleni pamoja nao Kalobeyei, wako na wazee wasiojua kimoja wala kingine. Na Kiswahili chenyewe kiwe cha watu. "Ghairi" iko kwenye simu nyingi, lakini waulizeni mama zetu waliotoka Kivu kama wanaijua. Andikeni "Acha".

Wanaotafsiri walipwe, na wawe wawili kwa kila lugha, mmoja aandike na mwingine asome bila kuona Kiingereza. Kisha wakae wazee kutoka block tofauti mbele ya skrini, volontia akae mbali, tuone wanagusa wapi.

Sisi tumeanza daftari. Tunakusanya maneno kumi tu kwanza: ndiyo, hapana, acha, rudi, mbele, tuma, msaada, siri, nakubali, sikubali. Tuandikieni hapa chini nyumbani kwenu mnayasema vipi, hata kwa sauti. Kirundi na Kibembe tunayo yote. Kinuer bado wanabishana kuhusu "siri".