Usimpe mgeni nyumba nzima

Kuna ushauri unaopewa kila anayeanza kutumia mashine pepe, yaani kompyuta ya programu inayokaa ndani ya kompyuta yako: ipe nusu ya RAM, ikilegea iongeze. Mimi naupinga.

Tuchukue laptopu ya mitumba yenye GB 8, kama zile zinazouzwa hapa Nairobi. Unafungua VirtualBox, unaunda mashine mbili, moja ya tovuti na nyingine ya hifadhidata, kila moja GB 4. Nne na nne ni nane, sawa. Je, mwenyeji atakula nini? Windows ipo, kivinjari kipo na tabu zake ishirini. RAM ikiisha, mwenyeji huanza kuhamishia data kwenye diski. Kusoma RAM huchukua takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa, yaani polepole mara makumi ya maelfu. SSD hupunguza maumivu tu. Kisha kijana anaambiwa laptopu yake haifai, akatafute pesa za nyingine, au anaacha kabisa kujifunza mambo ya seva. Hilo huniudhi sana.

Tena mgeni hajui kwamba mwenyeji ana njaa. Linux hutumia RAM iliyo wazi kuweka nakala za faili ilizosoma, isirudi diskini. Kwenye kompyuta halisi ni tabia njema. Ndani ya mashine pepe, mwenyeji hawezi kutofautisha nakala hizo na kazi yenyewe, kwa hiyo anaweza kusukuma diskini kitu ambacho mgeni alikiweka kwenye RAM ili kukwepa diski! VMware walilishughulikia tatizo hili mapema. Mwaka 2002 Carl Waldspurger alieleza mbinu ya puto: programu ndogo ndani ya mgeni hujivimbisha na kudai RAM, mgeni huachia asichohitaji, mwenyeji hukichukua. Ni ujanja mzuri, lakini kwa laptopu ya mtu mmoja ni rahisi zaidi kutoahidi usichokuwa nacho. (Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mpe jembe siku ya kwanza.)

Mimi huanza na MB 1024 kwa Debian isiyo na madirisha. PostgreSQL yenyewe, ukiiacha ilivyo, hutenga MB 128 tu za shared_buffers. Endesha kazi yako ya kawaida, kisha ndani ya mgeni andika free -m na utazame safu ya available. Ile ya free huwa ndogo karibu kila mara na hutisha watu bure.

Ukibana kupita kiasi utajua. Linux itaua programu mojawapo, mara nyingi ile inayokula RAM nyingi kuliko zote, na dmesg itakuonyesha "Out of memory". Hapo zima mashine na uongeze MB 512:

VBoxManage modifyvm seva1 --memory 1536

Washa, pima tena.