Kiatu Hakipokei Wateja, Mimi Ndiye Napokea

Wadada wa kazi, leo naongea na nyinyi. Mabosi pia someni, haidhuru.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda. Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya mapokezi, ofisi fulani Nakuru mjini. Jina siweki. Saa kumi na moja na nusu asubuhi nilikuwa nimeshatoka nyumbani Gilgil, na baridi yetu mnaijua. Boda hadi steji, matatu hadi Nakuru, halafu mguu.

Siku ya tatu nikavaa suruali nyeusi ya kitambaa, blauzi nyeupe na viatu bapa. Nguo zimepigwa pasi, viatu vinang'aa. Bosi akaniangalia miguu, akasema, "Hapa ni ofisi, si soko. Rudi ukavae kiofisi." Kiofisi kwake ni sketi ya kubana na mchuchumio. Nikarudi nyumbani, na siku hiyo ikakatwa kwa mshahara.

Sawa, nikanunua hiyo sketi. Sasa jaribu kupanda boda nayo. Miguu haitanuki, kwa hivyo unakaa upande, mkono mmoja kwa mkoba, mwingine umeshika koti la jamaa, na lori za Malaba zinakupita hivi. Jioni nikivua viatu kwa matatu sikuweza kuvirudisha, miguu imefura. Nilidumu miezi minne. Watu husema niliacha kazi kwa sababu ya uvivu. Haya, mvae nyinyi.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2016 Uingereza ilijadili kisa cha Nicola Thorp, mpokeaji wageni aliyerudishwa nyumbani London kwa kukataa viatu virefu. Watu zaidi ya 150,000 walitia sahihi ombi lake, na mwaka uliofuata likajadiliwa bungeni. Kumbe shida ya Nakuru iko hadi huko.

Kwetu je? Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, nchi ikapiga kelele wiki nzima. Tangazo hilo hilo liliwaambia wanawake sketi na marinda yapite magoti, na blauzi zisizo na mikono zikatazwe. Hapo sikusikia kelele. Mwanaume akiguswa koti ni mjadala wa taifa. Mwanamke akipangiwa nguo kutoka bega hadi goti, hiyo ni kawaida.

Najua mtaniambia, "Lakini mteja anataka kuona heshima." Nakubali. Mimi sitetei uchafu wala nguo ya klabu kazini. Nguo iwe safi, ikutoshe, isiwe na mashimo, ipigwe pasi. Lakini niambieni, ni mteja gani aliwahi kuhudumiwa na kisigino? Mteja anataka jibu haraka na uso mzuri. Uso mzuri hautoki kwa mtu ambaye vidole vyake vinalia chini ya meza.

Kwa hivyo kama unaanza kazi, usikimbilie duka la suti. Enda mitumba. Mama mdogo wangu huuza, na amenifunza hivi: tafuta suruali mbili za kitambaa, nyeusi na bluu iliyokolea, sketi moja pana ya kupita goti, blauzi nne, koti moja na sweta nzito. Rangi zikubaliane, ndiyo kila blauzi iende na kila suruali. Kunja kitambaa ndani ya ngumi, kisha uachilie. Kikibaki na makunyanzi, hata kikiwa kamera, kiache, matatu itakimaliza. Ukifika nyumbani chuchumaa, inua mikono, kaa kama uko kwa boda. Ikibana popote, peleka kwa fundi kabla ya siku ya kazi. Mimi suruali nilinunua 200, fundi akachukua 100 kuikunja na kuongeza mfuko. Mfuko wa ukweli, wa kuingia simu.

Pesa nyingi weka kwa viatu. Bapa, soli nene, ngozi inayopanguswa vumbi. Nunua jioni, wakati mguu umeshavimba kidogo.

Na nyinyi mabosi, mkitaka vazi fulani, liandikeni kwa barua ya kazi na mlilipie. Mtu anayepata mshahara wa kuhesabu nauli hawezi pia kununua picha iliyo kichwani mwako. Kisha fanya hivi: vaa wewe hivyo viatu, simama mapokezi kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja, halafu utembee hadi steji. Ukifika bila kuvivua, nitaomba msamaha hapa hapa.