Moqueca Yafika Kinna

Kinna ni mji wa Waborana nchini Kenya, watu wa nyama ya ngamia, maziwa na nyirinyiri, yaani nyama kavu ya kukaangwa. Samaki hana jina kubwa kwa wafugaji. Hata hivyo anayetaka kupika moqueca, mchuzi wa samaki wa Brazili, yu nusu njia: nyanya na vitunguu hulimwa papo hapo. Kazi ni samaki, ambaye lazima asafirishwe kwenye barafu. Hukatwa vipande vinene, hukolezwa ndimu, chumvi na kitunguu saumu, kisha hupangwa sufuriani kati ya vitunguu, nyanya, pilipili hoho na dania. Maji hayatiwi hata tone. Mboga zitatoa yake. Watu wa jimbo la Bahia humalizia kwa tui la nazi na mawese, mafuta yaliyofika kwao kutoka Afrika Magharibi enzi za biashara ya watumwa. Wenzao wa jimbo la Espírito Santo hawataki nazi wala mawese, na huringia vyungu vyeusi vya mtaa wao wa Goiabeiras, ambavyo ufinyanzi wake uliandikishwa kuwa urithi wa taifa mwaka 2002. Waringe tu, lakini kwa mlaji aliyeonja mchuzi wa nazi wa Lamu, moqueca ya Bahia ndiyo tamu. Mpishi asikoroge, atikise sufuria, maana samaki huvunjika upesi.