MSHALE WA MWENDO USIAMINIWE BILA KUPIMWA

Magari ya zamani yaliyogeuzwa nyumba za safari, kama vile Kombi ya Volkswagen, yangali yakionekana katika barabara zetu, yamebeba wasafiri pamoja na vitanda na majiko yao. Askari akisimamisha gari la namna hiyo kwa kosa la mwendo, huenda akajibiwa: "Afande, mshale wangu ulionyesha 80 tu." Yawezekana dereva hasemi uongo, mwongo ni mshale.

Katika magari hayo, waya unaozungushwa na gurudumu huzungusha sumaku ndani ya saa ya mwendo, nayo sumaku huvuta mshale unaozuiliwa na springi ndogo. Sumaku ikichoka, mshale husoma pungufu. Tena saa hiyo huhesabu mizunguko ya gurudumu tu, haijui ukubwa wake. Mwenye gari akitia mipira ambayo mzingo wake umezidi ule wa asili kwa sehemu moja ya kumi, mshale utasema 80 hali gari linakwenda 88. Na gari lililoundwa kwa ajili ya Uingereza huhesabu maili: 50 yake ni kilomita 80.

Kupima hakuhitaji fundi. Penye nguzo za kilomita, katika barabara iliyonyooka, dereva ashike mwendo mmoja, na mwenziwe atazame saa ya mkononi. Kwa mwendo wa 60, kilomita moja huchukua sekunde 60. Kwa 80, sekunde 45. Kwa 100, sekunde 36. Mshale ukisema 80 na sekunde zikawa 41, mwendo wa kweli wakaribia 88. Gari hilo litahitaji nafasi ya kufunga breki iliyozidi kwa moja ya tano. Mtoto avukaye barabara haokolewi na maneno ya mshale.

Ndugu askari na polisi, jambo hili latuhusu sisi kwanza. Malori na Land Rover za kambini nazo huzeeka, na msafara ambao kila dereva anafuata mshale wake hauchelewi kukatika. Kwa hiyo twawasihi madereva wa kambi na vituo wapime magari yao kila mipira inapobadilishwa, na wawafundishe raia kufanya vivyo hivyo. Apimaye mwendo wa wengine sharti aujue wake.