Daftari la Wiki: Kimya cha Bi Harusi

JUMAMOSI

Ndoa ya binti wa jirani ilifungwa baada ya Alasiri. Wanaume walikuwa msikitini, sisi tumejazana chumbani na bi harusi, udi umetanda hadi kwenye dari na joto limetuvaa. Baba yake akaja na mashahidi wawili, akasimama mlangoni, akamuuliza mwanawe kama ameridhia kuozwa fulani bin fulani kwa mahari waliyokubaliana. Bi harusi alikuwa ameinamisha kichwa ndani ya ushungi. Nilikaa karibu naye, lakini nilichokiona ni mikono tu: piko imekolea mpaka kwenye vifundo, na kwa ukucha wa kidole gumba alikuwa akibandua kipande cha hina kilichokaukia pembeni mwa kidole cha pete. Anabandua, ananyamaza. Shangazi yake akasema, "Kaka, amenyamaza. Ameridhia." Vigelegele vikapasua chumba.

Sina shaka kwamba ameridhia. Namjua tangu anakwenda chuoni na juzuu yake mkononi, na jina la bwana huyo nimelisikia kinywani mwake miaka miwili sasa. Na fiqhi ina hekima yake: mwanamwali ana haya, asibanwe kutamka mbele za watu, kimya chake kihesabiwe idhini. Lakini kile kipande cha hina kimenifuata hadi nyumbani. Baina ya swali na vigelegele, mtoto yule aliwaza nini? Sisi tuliokuwamo tulikichukua kimya chake kuwa neno moja. Mimi naamini kilikuwa na maneno mia.

Watu husema tunasoma riwaya za mapenzi ili tufike kwenye harusi. Harusi tunazo kila Jumamosi, na muziki wake hautuachi tulale. Mimi nasoma kwa ajili ya ule muda wa kubandua hina. Hakuna baraza wala kikao cha ukoo kinachotupa ruhusa ya kuingia ndani ya kimya cha mtu tukasikiliza. Riwaya inatupa.

JUMAPILI

Usiku nikamtoa Yasmin kabatini. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi ilitoka 1999, na nakala yangu imepita mikono mingi hata jalada sasa linashikiliwa kwa utepe wa gundi. Yasmin ana miaka 15 anapoozwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa baba yake. Ni Unguja ya miaka ya 1950, ambapo Wahindi na Waafrika wanaishi jirani na kila mmoja anaujua mpaka wake. Radhi ya Yasmin haikutafutwa hata kwa kimya. Mwandishi hahubiri. Anatuacha na msichana ndani ya nyumba ya mume asiyempenda, siku baada ya siku, mpaka kuchoka kwake kunakuwa kuchoka kwetu. Anapokimbia, jamaa zake wanamfungia mlango. Unaofunguka ni wa Mwajuma, kule Ng'ambo.

Ndipo anapotokea Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayesakwa na polisi wa mkoloni kwa siasa zake. Nilipokisoma kitabu hiki mara ya kwanza niliharakia kurasa za siasa ili nifike kwenye za mapenzi. Safari hii nimeona kwamba hazitengani. Msichana anayetaka kujichagulia na nchi inayotaka kujichagulia wamewekwa chumba kimoja, taa imeshushwa, wanasikiliza kama kuna viatu vya askari nje.

Wahakiki wetu wanapenda kugawa: riwaya dhati upande huu, riwaya pendwa upande ule, na penzi mara nyingi linasukumwa kwenye fungu la pili kama chakula cha watoto. Sikubaliani nao. Iondoe hamu ya Yasmin kwa Denge, na kilichobaki ni somo la historia ambalo hakuna mtu angelisoma kitandani.

JUMANNE

Saluni. Nilikuwa nasukwa twende kilioni, nikafungua kitabu, msusi akaliona jalada. Yeye ameitazama filamu, ile ya Amil Shivji iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Basi mjadala ukawaka.

"Mama, wewe ungemsubiri Denge?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, mama mmoja wa makamo aliyekuwa anapakwa dawa akadakia kwamba Denge keshaoa, mke wake ni siasa, na mwanamke mwenye akili hapangi foleni nyuma ya siasa. Nikawasimulia kwamba kitabuni Yasmin mwishoni anaolewa na Bukheti, waliyejuana naye tangu utotoni. Msusi akaacha kusuka, kitana hewani. Hakupendezwa hata kidogo. Yule mama alifurahi kama aliyeshinda kesi: huyo ndiye mume, alisema, anayekujua tangu hujajua kujipamba.

Dada mmoja aliyekaa chini ya kikausha nywele, ambaye hakuwa amesema neno tangu nimeingia, akainua kichwa. "Mimi wangu nilimsubiri miaka sita," akasema.

Hakuna aliyemuuliza kama alirudi. Msusi akarudi kwenye nywele zangu na redio ikaendelea. Nimekuwa nikimfikiria dada yule tangu nilipotoka saluni. Asingeyasema yale kwa wageni watatu kama tusingekuwa tunamzungumzia Yasmin. Alihitaji msichana wa kitabuni atangulie mbele, yeye apite nyuma yake.

JUMATANO

Leo nimeshinda na barua.

Pwani yetu ilikuwa na kawaida ya kumfundisha mtoto wa kike kusoma na kumnyima kuandika. Asome msahafu, inatosha. Akijua kuandika atawaandikia wanaume. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, binti wa Sultani mwenyewe, alijifundisha kwa siri akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, bado kijana mdogo, ndiye aliyekuwa karani wa ndugu yake Barghash katika njama dhidi ya ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, kwa sababu kalamu alikuwa nayo. Miaka michache baadaye akapendana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani, nyumba zao zimepakana Mji Mkongwe. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Kiingereza hadi Aden. Wakafunga ndoa hapo Mei 1867, naye akawa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu katika nchi ya baridi.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Anaeleza kwa kirefu majumba, vyakula, sikukuu, dawa, ugomvi wa masuria. Penzi lililomtoa kwao linapata kurasa chache tu. Mwanamke aliyejifundisha kuandika juu ya mfupa, alipofika kwenye jambo lililoigeuza dunia yake, aliinua kalamu. Simlaumu. Aliyatoa yote kwa ajili ya jambo lile. Ana haki ya kubaki nalo.

Kutoka kwa Salme nikaenda kwa Rosa. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971 na ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, jambo lililohakikisha kwamba kila mwanafunzi anaitafuta. Kisa ni cha Ukerewe. Barua ya mvulana inamfikia Rosa, baba yake Zakaria anaipata, na kipigo anachopigwa binti kwa ajili ya karatasi ile kinafuata maisha yake mpaka mwisho wake wa huzuni. Tuliambiwa ni kitabu cha uasherati. Mimi nilikisoma chini ya dawati, na nilichokiona ni msichana ambaye hakuruhusiwa kujibu barua.

Na kutoka kwa Rosa, kwa Afiya. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, wengi wetu tulianza na *Paradise*, ambayo Ida Hadjivayanis ameitia katika Kiswahili kwa jina la *Peponi*. Lakini penzi lililonikaa moyoni liko katika *Afterlives* ya 2020. Afiya anafundishwa kuandika na kaka yake. Kaka anakwenda vitani upande wa Wajerumani, na mzee anayemlea binti anapogundua kwamba anajua kuandika, anampiga mpaka anamvunja mkono. Miaka inapita. Anakuja Hamza, askari aliyerudi na jeraha, mpole, hana chochote. Siku moja anampa Afiya kipande cha karatasi. Ni beti za Schiller, mshairi wa Kijerumani, alizozigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili: habari za msichana ambaye hawezi kutamka hata neno moja kwa sababu wasikilizaji wamejaa, lakini jicho lake linasema.

Niliposoma ukurasa ule niliweka kitabu chini nikatembea chumbani. Maandishi yalimvunja mkono, na sasa maandishi yanaletwa kwake kwa adabu, yamekunjwa, na ndani yake kuna kimya chake mwenyewe kimeeleweka. Sijui penzi lingine lolote katika vitabu vya pwani yetu lililosemwa kwa maneno machache kiasi kile.

Jambo moja linanisumbua. Yasmin, Rosa, Afiya: wote wameandikwa na wanaume. Wameandikwa vizuri, kwa huruma na kwa macho makali. Zainab Burhani alitupa *Mwisho wa Kosa*, Ndyanao Balisidya alitupa *Shida* mwaka 1975, na wapo wengine, lakini ukiwapanga kwenye rafu hawaijazi. Mfupa wa ngamia bado una nafasi.

ALHAMISI

Dada anayenisaidia kazi za nyumbani hulala saa saba usiku kwa sababu ya simulizi ya simuni. Yuko kwenye kundi ambalo mwandishi hutuma sehemu moja kila jioni. Amefika ya 31. Sehemu za mwanzo ni bure. Ukinogewa, unamtumia mwandishi elfu moja au mbili kwa simu, unapata zilizobaki. Asubuhi anachota maji huku ananihadithia: mke kagundua, mume kakana, mama mkwe anajua ukweli ila kauficha.

Si jambo geni. Miaka ya nyuma watu walikuwa wakilinunua gazeti kwa ajili ya hadithi ya Eric Shigongo peke yake, *Rais Anampenda Mke Wangu* na nyinginezo, na wakilifungua walianza na ukurasa huo, habari za serikali baadaye. Karatasi imegeuka kioo, lakini kungoja ni kulekule. Wanaozibeza hadithi hizi sijui kama wamewahi kumwona mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri akiinamia mwanga mdogo, midomo ikienda, ili ajue mwanamke asiyemfahamu amejibu nini.

Mchana nilimfikia tena Jane Austen. *Pride and Prejudice* ilitoka London Januari 1813, jina la mwandishi halimo kitabuni, na hati yake aliiuza kwa pauni 110 kwa mchapishaji Thomas Egerton. Sikuwa nakumbuka kwamba ndani yake kuna kimya changu cha Jumamosi, kimepinduliwa. Kasisi Collins anamposa Elizabeth, mhusika mkuu. Elizabeth anakataa kwa maneno, waziwazi, zaidi ya mara moja. Collins hasikii. Kwake yeye, mwanamke wa heshima hukataa kwanza kwa sababu ya haya, kwa hiyo hapana yake ni ndiyo. Huku tunahesabu kimya, kule walihesabu hata hapana. Msomaji peke yake ndiye aliyemsikia Elizabeth mara ya kwanza alipokataa, na nadhani ndiyo sababu wasomaji wa karne mbili hawajamwacha mkono.

IJUMAA

Wauza vitabu vya mtumba kule Posta wameanza kupungua, lakini yule kijana ninayemzoea yupo bado, vitabu ameviegemeza ukutani juu ya turubai la bluu. "Shikamoo mama, leo nina Kezilahabi." Akanitolea *Rosa Mistika*, kurasa zimekuwa rangi ya chai, kona zimeliwa na mchwa.

Nikafungua mpaka pale barua inapofika. Pembeni, palipo patupu, mtu aliwahi kuandika kwa penseli, kisha akafuta kwa raba. Penseli imetoka, lakini ilikandamizwa kwa nguvu na karatasi imebaki na bonde. Nikauinamisha ukurasa upande upande kwenye jua, magari yananipigia honi mgongoni, mpaka herufi zikajitokeza moja baada ya moja. Mwandiko wa shule, wa kulala kidogo, m ya mwanzo imezungushwa mkia.

Alikuwa amemwandikia Rosa: *Mjibu.*

Kijana alisema elfu nne. Nikampa, sikupunguziwa, nikapanda daladala na kidole kimekaa kwenye ukurasa ule.